Kasuku anasema kwa sauti yangu, nimchukue ama nimwache?

Khala, shikamoo.

Kwanza naomba jina langu usiliweke manake Malindi hii ndogo, alafu huyu ndege mwenyewe jina langu ndo neno analolipenda kuliko yote, ukiliandika tu watu washajua ni nani.

Mie ni mama wa watoto watatu, nina miaka 41, nakaa Maweni. Miaka 9 nimefanya kazi kwa mama mmoja Mtaliano kule Casuarina, kupika, kufua, kupiga pasi, kila kitu, na miaka yote hiyo mle jikoni kulikuwa na kasuku, wale wa kijivu wenye mkia mwekundu. Sasa ana miaka 14. Kumlisha ni mimi, kusafisha tundu ni mimi na kuongea naye ni mimi, kwa sababu Signora mchana kutwa yuko barazani na vitabu vyake. Anajua "ciao amore", anajua "basta!", anaiga honi ya tuktuk, na mlio wa simu yangu anauiga mpaka nakimbia na mikono ya unga kumbe hakuna aliyepiga, na yeye anacheka kicheko cha Signora.

Sa Signora ana miaka 78, magoti yamekwisha, watoto wake wamesema arudi kwao na nyumba inauzwa. Mwezi wa kumi anaondoka. Makaratasi ya kumsafirisha kasuku yamemshinda. Akanishika mkono akaniambia chukua wewe, huyu ni wako kuliko wangu. Khala nililia pale pale.

Mwezi wa tano Signora alienda Nairobi hospitali siku nne, kasuku akaja kwetu kwenye kile kitundu chake kidogo cha safari. Siku ya kwanza majirani walijaa mlangoni, watoto wamefurahi, na yeye kimya, hata pumzi humsikii. Siku ya pili alfajiri niko nasukuma mahamri (nauza mahamri na viazi karai tangu kazi ilipopungua), nikamsikia ameanza. Simu. Kikohozi cha Signora. Alafu sauti yangu, yangu kabisa Khala, na ile pumzi ya mwisho: "Ya Rabbi nimechoka mie. Nimechoka na watu hawa."

Mume wangu alikuwa ndo kwanza anarudi msikitini, kasimama mlangoni kofia mkononi. Akaniuliza, watu hawa ni nani? Mie nikacheka. Yeye hakucheka.

Tangu siku hiyo hataki kusikia habari ya ndege. Anasema kufunga ndege ni haramu, anasema mamake ana pumu na tunakaa naye, anasema kelele, anasema chakula chake ni pesa na yeye kazi ya boti za watalii msimu ukiisha ndo basi tena. Yote ni kweli, siwezi kumpinga. Lakini yale maneno nilikuwa nayasema kazini, peke yangu, jikoni kwa watu. Si kwake.

Alafu kuna hili la tundu. Tundu kubwa la Signora lilikuja kwa kontena, la chuma, refu kama mimi, na nyumba yangu ni vyumba viwili na sebule, mlangoni halipiti. Kijana wangu aliyeko Mombasa kasikia habari akanunua tundu jingine akanitumia kwa basi, la mviringo, rangi ya dhahabu, zuri utafikiri taa ya msikiti, kalipa 4,500 masikini. Fundi mmoja naye anasema atanitengenezea la waya ya kuku kwa 6,000. Kaka yangu ananicheka, anasema kuna mtu atatoa laki moja taslimu bila kuulizwa maswali. Shemeji anasema mpeleke msitu wa Arabuko-Sokoke umfungulie aende zake kwa wenzake. Signora anasema karatasi ya KWS, wale wa wanyamapori, iko kwenye droo.

Usiku nalala nahesabu. Nikimchukua naleta fitina nyumbani, nikimwacha nitamsikia akiniita maisha yangu yote. Nifanye nini Khala?

*Mimi wa Maweni*

---

Mwanangu, marahaba.

Barua yako nimeisoma mara mbili, ya pili nikiwa na chai yangu na ikapoa. Umeniuliza kuhusu kasuku lakini mle ndani naona mambo matatu umeyafunga kwenye leso moja, ndege, tundu lake, na lile neno la alfajiri. Tuyafungue moja moja, na nikuombe radhi mapema, mwisho sitakwambia mchukue wala mwache manake nyumba ni yako.

La laki moja nalimaliza haraka. Hawa kasuku wa kijivu wameshikwa sana misituni huko Afrika ya Kati na Magharibi, wakawa wanakwisha, na tangu mwezi wa kwanza 2017 mkataba wa CITES, ule wa nchi za dunia kuhusu biashara ya viumbe wa porini, umewaweka kwenye daraja la juu kabisa la ulinzi, pamoja na viumbe ambao biashara ya kuwatoa porini na kuwauza nje imefungwa. Na hapa kwetu sheria ya wanyamapori ya 2013 inataka kibali hata kwa kumfuga tu. Sasa huyo mtu wa bila maswali, siku maswali yakija yatakuja kwako, yeye hutamuona. Na hiyo karatasi ya kwenye droo mwambie Signora aitoe muisome pamoja. Ina jina la nani? Ina tarehe gani? Kibali cha mtu usikichukulie kama ufunguo wa nyumba, kwamba anakupa mkononi na imekwisha. Nendeni wote wawili ofisi ya KWS pale Marine Park, si iko huko huko Casuarina, mkaulize namna ya kuandika kwa jina lako, na mwende kabla hajapanda ndege. Ukienda peke yako mwezi wa kumi na moja utaulizwa ulimtoa wapi.

La shemeji nalo lina huruma ndani lakini halina faida. Wenzake hawako Arabuko-Sokoke. Hapa Kenya wa porini walikuwa upande wa Kakamega huko magharibi na hata huko wamebaki wa kuhesabu. Hawa wadogo wa kijani unaowaona kwenye minazi ni kabila lingine. Ndege aliyekula kwenye sahani miaka 14, umfungulie mlango asubuhi, hata kabla ya adhuhuri kunguru washamzunguka, na kunguru wa Malindi unawajua wewe.

Haya, tundu. Hapa nitakaa kidogo manake watu wengi huanza na kununua tundu kwa macho yao wenyewe na si kwa macho ya ndege.

Lile la dhahabu ni zuri, na kijana wako kafanya kitu cha mapenzi, usimvunje moyo. Lakini kasuku huyu akifungua mabawa ni karibu nusu mita, humo ndani atayafungulia wapi? Alafu umbo la mviringo lina tabu yake, fito zinakutana juu, nafasi inabana, kucha au mdomo ukiingia hautoki. Na hakuna kona. Ndege akiogopa anataka kona ya kuweka mgongo. Na ile rangi ya dhahabu kama ni shaba nyeupe ya kweli basi ndani yake kuna zinki, na kasuku kazi yake ni kutafuna, mchana kutwa anatafuna, zinki inamwingia kidogo kidogo mpaka siku moja unamkuta hali chakula, analegea, na hujui kafanyaje. Waya ya kuku ya fundi ndo hiyo hiyo hadithi, ule mng'aro wake ni zinki. Kuna wanaoisugua kwa siki na brashi ngumu na inasaidia kiasi, lakini kwa ndege mwenye mdomo wa kuvunja kifuu mimi nisingelala.

Kipimo ambacho wafugaji wanakitaja kwa kasuku wa kijivu ni upana sentimita 90, kina 60, urefu kwenda juu 120, na hiyo ndo chini kabisa, si cha kujivunia. Nafasi kati ya fito na fito ni sentimita 2 au 2 na nusu, kichwa kisipite. Baadhi ya fito ziwe za kulala ili apande kama ngazi. Kijiti cha kukalia usiweke kimoja laini cha dukani, mkatie matawi ya mpera, jingine nene jingine jembamba, miguu ipate kazi tofauti, la sivyo inafanya vidonda chini. Mlango utie kufuli, hivi vilachi vya kusukuma atavifungua kabla hujafika jikoni. Na vitu vya kuchana-chana, hapo wewe ni tajiri mwanangu, makuti, makumbi, kifuu, boksi la sabuni, Mtaliano analipia hivyo dukani wewe unavitupa.

Sasa lile la Signora lililokushinda mlangoni, nikuulize, umelitazama viungo vyake? Matundu mengi makubwa ya aina hiyo yameungwa kwa skrubu, yanafunguka ubavu kwa ubavu na kuingia popote kama kitanda. Angalia na kutu, hewa ya bahari haina mchezo, palipobabuka pasipakwe rangi yoyote tu, kuna rangi zenye risasi na hiyo nayo ni sumu. Na likiingia utaliweka wapi? Linataka ukuta nyuma yake, mahali pa watu wanapokaa ili asijione katupwa, lisipigwe na jua la saa sita moja kwa moja, na usiku apate masaa 10 mpaka 12 ya giza na utulivu. Kwenye sebule yenye TV na watoto. Hilo sikujibii, nakuonyesha tu.

Na jikoni hapana. Hapa nikwambie kisa changu.

Mimi nimekulia Lamu, kwenye nyumba yenye kasuku. Alikuwa wa shangazi yangu, anaiga ndoo ikigonga kisimani, anaiga punda wa jirani, na akiigiza azana watu wa nyumbani walikuwa wanagombana kama ni sawa ama si sawa. Kulikuwa na harusi ndani, wamemhamishia chumba kidogo cha nyuma asisumbue, na chumba hicho hicho wakafukizia nguo za bi harusi, udi, chetezo kimejaa makaa, mlango wamefunga moshi usitoke. Asubuhi tukamkuta chini ya tundu, miguu juu. Mzima wa afya jana yake. Tukasema ni hasadi, kuna mtu kamtia jicho, na kuna mama mmoja mpaka leo hawajapatana naye kwa hilo. Nimekuja kujua ukubwani, mapafu ya ndege si kama yetu, moshi na gesi ya makaa vinamwingia haraka na kwa wingi. Udi, jiko la mkaa, dawa ya mbu ya koili, ile ya kupuliza, na hizi sufuria na chapatipani zisizoshika, ikiungua juu ya moto ikapita kiasi inatoa hewa ambayo wewe huisikii hata harufu na ndege aliye chumba cha pili anakufa dakika chache. Nawe mwanangu unakaanga mahamri kila alfajiri. Karai liko wapi, ndani au uani? Moshi unaelekea wapi? Chukua siku moja ukae pale utakapoliweka tundu, saa kumi na moja asubuhi karai likiwa motoni, uvute pumzi.

Chakula nadhani unakijua kuliko mimi, nikukumbushe tu alizeti ni kama chipsi kwake, anaipenda na haimjengi, hawa wa kijivu wanapungukiwa kalsiamu upesi wakilishwa mbegu tupu. Mchicha, sukuma, papai, karoti, maharage yaliyopikwa, hata pilipili, ndege hasikii ukali wake. Parachichi ni sumu kwake kabisa, chokoleti pia, na chai majirani watataka kumpa, kataa. Kwa hiyo hoja ya pesa ya mumeo si uongo lakini si kubwa kama anavyodhani pia. Kinachogharimu ni daktari siku akiugua, wa ndege hawapatikani ovyo, na muda. Anataka kutoka tunduni masaa kadhaa kila siku na mtu amwangalie, feni ya dari imezimwa, paka wako nje. Asipopata anajing'oa manyoya kifuani mpaka nyama inaonekana. Hawa si ndege wa pambo, kulikuwa na mmoja Marekani akiitwa Alex, mwalimu wake Irene Pepperberg alimfundisha miaka 30, alijua maneno zaidi ya 100 na kuhesabu na kutaja rangi. Akili kama hiyo ukiifunga mchana kutwa inajila yenyewe.

Na miaka, umeihesabu? Ana 14. Akitunzwa anaweza kufika 40, wengine 60. Wewe ukiwa bibi wa miaka 70 yeye bado anaita jina lako. Yupi kati ya wale watatu atampokea?

Sasa haramu na pumu. Mimi si sheikh, kamuulizeni imamu wenu, lakini sote tulisomeshwa chuoni habari ya Abu Umayr, yule mtoto aliyekuwa na kindege chake na Mtume (SAW) akimtania kwacho, na tulisomeshwa pia yule mwanamke aliyeadhibiwa kwa paka aliyemfungia bila chakula. Maulamaa wengi wanazisoma hizo mbili pamoja, kufuga hakuna neno, kutesa ndo kosa. Ukitazama hivyo basi neno la mumeo linarudi pale pale kwenye tundu na nafasi. Pumu ni jambo zito zaidi. Kasuku wa kijivu anatoa vumbi jeupe la manyoya kila siku, ukipitisha mkono juu ya tundu unaliona kwenye kiganja, na kuna ugonjwa wa ndege hawa unaoshika mapafu ya mtu pia. Lakini umeniandikia alichosema mumeo kuhusu mama. Hujaniandikia alichosema mama mwenyewe. Zile siku nne alikohoa? Alilala? Ama alikaa na yule ndege akamsimulia mambo? Muulize, na daktari wake muulize, hapo utapata jibu ambalo halina hasira ndani yake.

Manake hasira ipo, na nadhani unajua ilianza wapi.

Mumeo alikuwa hajasema haramu siku ya kwanza. Hajasema pumu siku ya kwanza. Msimu umekwisha, boti ziko juu mchangani, mfuko mtupu, anatoka kusali, anasikia sauti ya mkewe inamlalamikia Mungu, "nimechoka na watu hawa". Akauliza swali fupi sana, wewe ukacheka. Simlaumu yeye wala wewe, hata mimi ningecheka, mtu ukishikwa ghafla unacheka. Lakini swali lake liko pale mlangoni mpaka leo na kofia yake mkononi. Unasema ulikuwa unasema kazini, si kwake. Sawa, nakuamini. Kasuku lakini kwa kawaida hashiki neno la mara moja, anashika lile lililorudiwa na lenye uchungu au furaha ndani yake. Kwa hiyo miaka mingi umekuwa ukisema umechoka, na aliyesikia ni ndege peke yake. Hata kama watu hawa ni akina Signora, au wageni wake, au maisha tu, si kitu kidogo hicho. Mumeo pengine kilichomuuma si neno, ni kwamba kalijua kwa kasuku.

Ukimchukua bila kuongea na mumeo, kila alfajiri neno litasemwa hadharani, na usijaribu kumkaripia ndege aache, ukipiga kelele au mkicheka ndo unamfundisha vizuri zaidi, dawa ni kumpa mgongo na kumsemesha mengine mpaka hilo lichakae, na huchukua miezi. Usipomchukua, nyumba itakuwa kimya, lakini ukimya ule ule uliokuwepo kabla yake. Usipomchukua pia hujamsaliti, nataka ulisikie hili. Signora ana miezi ya kumtafutia mtu mwenye kibali na nafasi, KWS wakijua, na wewe ndo ungeweza kumzoesha kwa mtu huyo taratibu, mkakaa wote watatu jioni mbili tatu, manake akihamishwa ghafla huyu anaweza kugoma kula. Ni kazi ambayo hakuna mwengine anaiweza. Hasara yake unaijua, utapita njia ya Casuarina na jikoni mle kutakuwa na watu wengine.

Kuna na njia ya katikati, mumwombe Signora siku nne nyingine kabla ya mwezi wa kumi, tundu kubwa likifunguka liletwe kwa mkokoteni, mama mkwe akikubali mwenyewe, karai likiwa uani. Na mumeo awepo, si kwa kulazimishwa, mwambie tu, nataka unisaidie kufunga skrubu. Mtu wa boti hakatai spana.

Pima kwanza mlango. Najua hujaupima, umeandika halipiti lakini hukuandika sentimita ngapi. Pima mlango, pima ubavu mmoja wa tundu, alafu niandikie namba.

*Khala*